Namna ya Kulinganisha Nyasi za Malisho ya Kondoo katika Mashamba ya Dar es Salaam

Mbegu za malisho husifiwa kwa tani. Muuzaji atakueleza kwamba aina hii hutoa tani nyingi kwa hekta kuliko ile, nawe utaondoka dukani ukiamini kwamba kazi ya kulinganisha umekwisha kufanyiwa. Niliamini hivyo nilipoanza kufuga kondoo katika kipande cha ekari mbili huko Chanika. Nilipanda aina moja tu iliyosifiwa, ikaota vizuri kwa mvua za masika, ikafika kiunoni kabla ya Juni, na kondoo wakapita pembezoni mwake wakitafuta ukoka uliojiotea njiani. Ng'ombe angeifurahia nyasi ile. Kondoo, ambaye midomo yake imeumbwa kuchagua jani moja moja karibu na ardhi, aliona msitu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzilinganisha nyasi kwa jaribio dogo katika udongo wako mwenyewe, ukitumia kondoo wako wenyewe kama waamuzi, kabla ya kutoa fedha za kupanda eneo zima. Vifaa vinavyohitajika ni jembe, kamba, vigingi, mizani ya jikoni, rula ndefu, fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50 na daftari lisilopotea.

Anza na ardhi yenyewe

Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, au zaidi kidogo, kwa misimu miwili: masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati yake kuna ukavu wa aina mbili ambao mfugaji asiuchanganye. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kirefu lakini kina ubaridi, na umande husaidia. Kile cha Januari na Februari ni kifupi, ila jua lake ni kali na hukausha mchanga kwa siku chache. Nyasi inayovuka kipindi kimoja si lazima ivuke kingine, na kwa sababu hiyo jaribio linaloishia Agosti halijakwisha.

Sehemu kubwa ya mashamba ya Chanika, Mbagala na Kigamboni ni ya kichanga, yenye rutuba ndogo, ilhali mabondeni udongo ni mfinyanzi unaotuamisha maji. Chimba shimo la nusu mita, lijaze maji jioni, ulitazame asubuhi. Kama maji bado yamo, hapo ni bondeni hata kama macho yanakuambia ni tambarare. Angalia pia kivuli: chini ya minazi jua hupenya vya kutosha kwa nyasi nyingi, chini ya mikorosho iliyokomaa hupenya kidogo sana. Karibu na bahari, onja maji ya kisima. Maji ya chumvi ni habari muhimu kwa uchaguzi wa nyasi, kama tutakavyoona.

Nyasi zinazostahili kushindanishwa

Chagua aina nne, zisizidi. Zikiwa nyingi zaidi utachoka kupima, na mpimaji aliyechoka huandika takwimu za kukisia.

Nyasi ya Rhodes, yaani Chloris gayana, hutambaa kwa vikonyo na kuufunika udongo haraka, hivyo huvumilia kukanyagwa. Inastahimili chumvi kuliko nyasi nyingi za malisho, jambo linaloifaa Kigamboni, na hei yake, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa, ni nzuri. Udhaifu wake ni kwamba hutoa maua upesi na baada ya hapo mashina huzidi majani; tena katika mchanga usiotiwa samadi hudhoofika baada ya mwaka wa pili.

Cenchrus ciliaris, ile yenye suke kama mkia wa mbweha, ndiyo hodari wa ukame. Mizizi yake huenda chini sana na mashina yake huhifadhi akiba inayoiwezesha kuchipua mara mvua inaponyesha. Haipendi kabisa maji yaliyotuama, kwa hiyo mwenye shamba la bondeni asiihangaikie. Mbegu zake zina manyoya, hazimwagiki vizuri mkononi, na zikiwa mbichi kutoka shambani nyingi huwa bado zimelala. Huota vizuri zaidi zikishakaa miezi kadhaa baada ya kuvunwa.

Panicum maximum, ambayo wataalamu sasa wanaiita Megathyrsus maximus, inahitaji maelezo marefu zaidi kwa kuwa ni nyasi ya kwetu. Huota yenyewe kando ya barabara na chini ya miti, na uwezo wake wa kuvumilia kivuli ndio unaoifanya iwe ya kwanza kufikiriwa kwenye shamba lenye minazi. Aina iitwayo Tanzania, inayouzwa duniani kote, asili yake ni nyasi iliyochukuliwa Korogwe, ikafanyiwa uchunguzi Brazil na kutolewa kwa wafugaji huko mwaka 1990 na shirika la utafiti la Embrapa. Aina ya Mombasa ilifuata mwaka 1993. Zote mbili ni ndefu, za kushikana mashina kama kichaka, na ndizo zinazomshinda kondoo zikiachwa zirefuke. Ila kuna ya tatu, iitwayo Massai, ambayo ilikusanywa mwaka 1969 katika njia ya kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, ikatolewa Brazil mwaka 2001. Hiyo ni fupi, ya kiasi cha sentimita 60, majani yake ni membamba yapata sentimita moja, na huchipua upya haraka baada ya kuliwa. Wafugaji wa kondoo wa Brazil wameipenda kwa sababu hizo. Majani yake yana nyuzi nyingi kuliko ya Tanzania, kwa hiyo ikizeeka ubora wake hushuka. Nakiri kwamba nina upendeleo kwake: mtu kuagiza kutoka ng'ambo ya Atlantiki mbegu iliyotoka njia ya Bagamoyo ni jambo linalochekesha na kusikitisha kwa wakati mmoja. Upendeleo huo ndio sababu mojawapo ya mimi kusisitiza vipimo.

Brakiaria nayo ni ya Afrika Mashariki, hustawi katika udongo maskini, na wauza mbegu wengi huisifu kwa ng'ombe wa maziwa. Kwa kondoo kuna tahadhari ambayo haimo kwenye mifuko. Baadhi ya aina zake, hasa Brachiaria decumbens iitwayo Basilisk, zina kemikali za jamii ya saponini zinazoweza kuharibu ini la kondoo, na ini likishaharibika ngozi hushindwa kuhimili jua. Dalili zake ni masikio kuvimba na kulegea, uso kujaa magamba, macho kuwa ya njano, na mnyama kukimbilia kivulini wakati wenzake wanalisha. Wanakondoo walioachishwa kunyonya na kondoo wageni katika malisho hayo ndio wanaoathirika zaidi. Ukiona dalili hizo, mwondoe mnyama katika nyasi hiyo siku hiyohiyo, mweke kivulini, na umwite daktari wa mifugo. Mimi siipandi Basilisk kwa kondoo, na sioni sababu ya kuihatarishia kundi wakati nyasi nyingine zipo.

Usidharau ukoka. Jamii ya Cynodon, ukoka wa kawaida na nduguye mkubwa anayetambaa kwa kamba ndefu, haitoi mzigo mkubwa, lakini kondoo wanaweza kuing'ata hadi chini kabisa na bado ikachipua. Kasoro yake inajulikana kwa kila mkulima: ikiingia katika bustani ya mboga, kuing'oa ni kazi ya miaka. Ipande mahali ambapo hutalima kamwe.

Mabingobingo, Juncao na jamaa zake niliziacha nje ya jaribio kwa makusudi. Ni nyasi za kukata na kupeleka bandani. Hazikuumbwa kwa kulishwa shambani na mnyama mfupi.

Kupata mbegu na kuipima kabla ya kuipanda

Shamba la serikali la mbegu za malisho la Vikuge, Kibaha, liko karibu na Dar es Salaam, na vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, kikiwemo cha Tanga, ni mahali pengine pa kuulizia mbegu au vipando. Popote utakaponunulia, usipande kabla ya kupima uotaji. Hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, zifunike, na baada ya siku 14 uhesabu zilizoota. Niliwahi kununua duka moja la mjini mfuko ambao katika mbegu 100 zilichipua tisa. Kama ningezipanda bila kuzipima, ningeilaumu nyasi badala ya mbegu, na daftari langu lingesema uongo. Kama aina moja imeota 60 na nyingine 30, panda ya pili kwa uzito maradufu ili mashindano yawe ya haki.

Kupanga vitalu

Gawa eneo la mita 19 kwa 14 katika safu tatu za vitalu vinne, kila kitalu kikiwa mita 4 kwa 4, na njia ya mita moja kati ya kitalu na kitalu. Hivyo unapata vitalu 12, na kila aina inapandwa mara tatu. Kama shamba lina mteremko, safu zilale kwa kuukingama, ili vitalu vya safu moja viwe katika usawa mmoja. Ndani ya kila safu, amua nani akae wapi kwa kura: andika majina kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, uvitoe kimojakimoja. Jambo hili huonekana kama mchezo, lakini ukipanga mwenyewe, mkono wako utaipeleka nyasi unayoipenda kwenye udongo mweusi bila wewe kujua.

Panda mvua za masika zinapokuwa zimeshika, kwa kawaida kuanzia nusu ya pili ya Machi. Mbegu za nyasi hizi ni ndogo mno. Zikizikwa zaidi ya sentimita moja nyingi hazitatoka. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zimwagike kwa usawa, zitie katika mifereji midogo, kisha ukanyage kwa miguu ili zishikane na udongo. Sisimizi huzihamisha mbegu usiku, kwa hiyo kagua asubuhi kwa siku chache za mwanzo. Kila kitalu kipate kiasi kilekile cha samadi iliyooza na palizi ileile. Wiki ya 8 hadi ya 10 kata vitalu vyote kwa siku moja katika urefu wa sentimita 15. Kuanzia hapo ndipo saa ya mashindano inaanza kuhesabiwa.

Kupima wingi, kisha kupima kinachofaa

Kila baada ya wiki nne au tano wakati wa mvua, na sita au zaidi wakati wa kiangazi, pima urefu kwa rula katika sehemu tano za kila kitalu. Weka fremu yako mahali pasipo ukingoni, kata nyasi zote zilizomo, upime uzito. Chukua gramu 200 kati yake, ukatekate, uzianike juani juu ya bati hadi uzito usipungue tena. Mfano: fremu imetoa gramu 400 za majani mabichi, na gramu 200 zilizoanikwa zimebaki 50. Uzito mkavu ni robo, yaani gramu 100 kwa fremu, na kwa kuwa fremu nne hufanya mita moja ya mraba, hiyo ni gramu 400 kwa mita. Ekari moja ina mita za mraba 4,000 hivi, kwa hiyo ni kilo 1,600 kavu. Nusu yake lazima ibaki ardhini ili nyasi ichipue. Zinabaki kilo 800 za kuliwa. Kondoo wa kilo 30 hula karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 900. Kondoo 20 watahitaji kilo 18 kwa siku, na ekari hiyo itawafikisha siku 44.

Kuanika juani hakukaushi kama tanuri la maabara, lakini kosa hilo ni moja kwa aina zote, na sisi tunalinganisha.

Kisha fanya kazi ambayo wengi huiruka: katika gramu 200 nyingine, tenganisha majani na mashina, upime kila fungu peke yake. Kondoo hula majani kwanza, na mashina huyala kwa shida. Aina iliyotoa gramu 300 ambazo robo tatu ni majani inaizidi kwa kondoo ile iliyotoa 400 ambazo nusu yake ni mashina ya kuchokonolea meno. Mwenye uwezo apeleke sampuli maabara ili kupimiwa protini, kwa mfano katika maabara ya TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, iliyopo Temeke. Kiwango cha kukumbuka ni asilimia 7: chini ya hapo vijidudu vya tumboni vinavyomsagia mnyama chakula hukosa lishe, na kondoo hula kidogo hata nyasi zikiwa tele. Sampuli zote ziwe za umri mmoja, kwa maana nyasi ya wiki nne na ya wiki kumi ni vyakula viwili tofauti.

Kuwapa kondoo kura

Baada ya kupima, ingiza kondoo sita. Kwanza wape kila aina katika banda kwa siku tano hadi saba, kwa kuwa kondoo huitilia shaka nyasi ngeni na atakwenda kwenye anachokifahamu, jambo ambalo utalisoma vibaya kama upendeleo. Wasiingie wakiwa na njaa kali, kwani mwenye njaa hachagui. Kaa kivulini na uandike, kila baada ya dakika tano kwa muda wa saa moja, kila kondoo yuko katika kitalu gani na kama anakula au anapita tu. Rudia kwa siku tatu, ukiwaingiza kila siku kwa upande tofauti. Nilipofanya hivi mara ya kwanza waliingia siku zote kwa lango moja, na kitalu cha langoni kikashinda bila kustahili.

Siku ya nne pima urefu tena. Tofauti kati ya urefu wa kabla na wa baada ndiyo kura halisi. Tazama pia walichokiacha: kama majani yamekwisha na mashina yamesimama, aina hiyo inahitaji kuingiziwa mapema zaidi, ikiwa bado chini. Panicum ndefu mara nyingi hukataliwa ikiwa na sentimita 80 na hupendwa ikiwa na 40, kwa hiyo kabla ya kuiondoa ipe raundi moja ya urefu mdogo.

Urefu wa nyasi na minyoo

Hapa pwani joto na unyevu hulisha minyoo ya tumbo kama vinavyolisha nyasi, na mbaya kuliko yote ni Haemonchus contortus, afyonzaye damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku; katika joto letu, mayai yaliyotoka na kinyesi huweza kuwa viluwiluwi tayari kuambukiza ndani ya wiki moja. Viluwiluwi hupanda majani kwa utando wa unyevu, na wengi wao hubaki katika sentimita tano za chini. Kwa hiyo nyasi inayomlazimisha kondoo kula chini kabisa, ukoka ukiwa mfano, ina gharama isiyoonekana kwenye mizani. Nyasi za kusimama kama Massai, zikiachwa zisiliwe chini ya sentimita 15 hadi 20, humweka mdomo mbali na hatari. Katika daftari ongeza safu ya urefu wa chini kabisa walikofikia kuila kila aina.

Aina zote zitumike kwa mzunguko: siku tatu au nne za kulisha, kisha wiki tano za kupumzika, muda ambao katika joto hili viluwiluwi wengi hufa kwa kumaliza akiba yao. Kondoo watoke saa 3 asubuhi umande ukishakauka. Kila wiki mbili funua kope la chini la jicho. Likiwa jeupe badala ya jekundu, mnyama anapungukiwa damu. Uzao una nafasi yake pia. Kondoo Wekundu wa Kimasai huwahimili minyoo hao vizuri kuliko Dorper, kama majaribio ya pwani ya Kenya ya miaka ya 1990 yalivyoonyesha, kwa hiyo mwenye Dorper aipe safu hii ya daftari uzito zaidi.

Kuamua, na kuanza kupanda

Vipimo vya masika hupendeza, lakini uamuzi ufanyike Machi inayofuata, baada ya vuli na baada ya jua la Januari na Februari. Hesabu mashina yaliyo hai katika kila kitalu na uyalinganishe na yaliyokuwapo mwanzoni. Kwenye kichanga changu cha Chanika, Rhodes iliongoza hadi Agosti, kisha Massai ikaipita na kubaki mbele. Cenchrus haikuongoza raundi yoyote, lakini Februari ndiyo pekee iliyokuwa na majani ya kijani, na kwa sababu hiyo niliipa robo ya shamba. Chini ya minazi michache niliyonayo, Panicum haikuwa na mpinzani. Mwenye udongo wa bonde atapata mpangilio mwingine.

Aina uliyoichagua huna haja ya kuinunulia mbegu tena. Mvua zikishika, ng'oa vichaka vya vitalu vyake, vigawanye katika vipando vyenye mizizi na mashina matatu hadi manne, kata majani yabaki sentimita 15, uvipande kwa nafasi ya nusu mita kila upande. Usiingize mnyama kabla ya miezi mitatu, na hata hapo shika jani kwa vidole na ulivute kama kondoo anavyovuta: likikatika, waingize, kichaka kikitoka na mizizi yake, funga lango na usubiri wiki nyingine tatu.